Kimya cha Adabu na Kimya cha Hofu

Katika nchi yetu ya Maniema mtoto anayenyamaza mbele ya watu husifiwa. Wazee humtazama, wakasema: "Huyu amelelewa." Nasi hatupingi sifa hiyo. Kujua kunyamaza ni sehemu ya utu, na kijana anayepayuka mbele ya wakubwa huwatia wazazi wake aibu. Lakini yatupasa kuuliza neno moja ambalo mara nyingi hupitwa bila kutazamwa: Je, kila kimya ni adabu? Je, hakuna kimya kingine, kinachofanana na adabu kwa nje kama pacha na pacha mwenzake, kumbe ndani yake mna hofu na upweke?

Swali hili si la mchezo. Mtoto mwenye adabu hunyamaza kwa kuwa amependa. Akitakiwa kusema, husema. Mtoto mwenye hofu hunyamaza kwa kuwa hawezi kusema, hata pale anapotaka sana. Wa kwanza ni mtu huru, wa pili ni mfungwa. Tukiwachanganya hao wawili, twamsifu mfungwa kwa ajili ya minyororo yake, kisha twakwenda zetu na kumwacha nayo.

Habari hii katika katuni za Kijapani

Vijana wetu wa sekondari, wakipata simu na umeme wa jua wa kuichaji, hupenda kutazama katuni za Kijapani ziitwazo anime. Hupeana kutoka simu hii hadi simu ile, wakakaa watatu wanne mbele ya kioo kimoja kidogo. Wazazi wengi hudhani ya kuwa katuni hizo zote ni za mapigano na mazimwi. Nyingi ni hivyo kweli. Lakini zimo nyingine zisizo na upanga wala zimwi. Habari yake yote ni hii: kijana ameingia shule ya sekondari, naye anaogopa kusema na wenzake.

Moja ni habari ya msichana aitwaye Komi. Tomohito Oda alianza kuichora katika gazeti la Kijapani mwaka 2016, na anime yake ilianza kuonyeshwa Oktoba 2021. Kwa Kifaransa yaitwa "Komi cherche ses mots". Msichana huyu ni mrembo, naye hasemi na mtu. Darasa zima lakata shauri ya kuwa ananyamaza kwa ukuu wake. Wote wamheshimu kama malkia, na kwa heshima hiyo wamwacha peke yake. Mvulana mmoja tu, Tadano, anayekaa dawati la jirani, ndiye anayetambua kwamba Komi hana majivuno hata kidogo: anaogopa mpaka sauti haitoki. Basi Tadano afanya nini? Hamlazimishi kusema. Achukua chaki, aandika ubaoni. Naye Komi achukua chaki, amjibu ubaoni. Mazungumzo yao yaujaza ubao. Humo Komi aandika ya kuwa anatamani kupata marafiki mia moja. Tadano amwahidi kuwa wa kwanza, na kumsaidia kuwapata wale tisini na tisa.

Nyingine ni "Bocchi the Rock!", iliyotoka katika michoro ya Aki Hamaji na kuonyeshwa kama anime mwaka 2022. Hapo msichana ajifunza kupiga gitaa saa nyingi kila siku, amejifungia ndani ya kabati la nyumbani kwao. Watu asiowajua humsifu kwa intaneti, lakini shuleni hana rafiki hata mmoja. Siku ya kwanza ya kupiga mbele ya watu hofu yamzidi, naye apiga gitaa lake akiwa amejificha ndani ya sanduku la karatasi ngumu la kutilia maembe. Wenzake hawamfukuzi. Wapiga muziki pamoja naye, yeye na sanduku lake.

Vijana wakitazama hayo hucheka sana. Lakini tumeona ya kuwa katikati ya wanaocheka hukaa mmoja asiyecheka. Huyo amejiona mwenyewe katika picha.

Je, upweke ni jambo la nchi za mbali?

Mtu atasema: "Hayo ni ya Japani, au ya Wazungu. Kwetu mtu hawezi kuwa mpweke. Tuna ukoo, tuna jirani, tuna soko." Twamwelewa. Nyangwe yetu ilijulikana kwa soko lake tangu zamani. Wasafiri kama Livingstone mwaka 1871 na Cameron mwaka 1874 waliandika habari za watu wengi waliokusanyika hapa, wengine wakiuvuka mto Lualaba kwa mitumbwi ili kuuza na kununua. Lakini nenda sokoni leo ukatazame vema. Utamwona binti aliyeketi mbele ya muhogo wake, naye hathubutu kumwita mnunuzi. Jioni arudi na mzigo wake kichwani, na nyumbani aitwa mvivu. Alikuwa kati ya watu mchana kutwa, wala hakuna aliyekuwa pamoja naye.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa taarifa yake juu ya jambo hili mwezi wa Juni 2025. Lilisema ya kuwa mtu mmoja katika kila watu sita duniani anateswa na upweke. Tena lilisema neno litakalowashangaza wengi: katika nchi maskini waliojiona wapweke walikuwa karibu 24 katika kila watu 100, na katika nchi tajiri walikuwa karibu 11. Na vijana wanaonekana kuupata kuliko wazee. Basi tusijidanganye ya kuwa umaskini na ukoo mkubwa vyatulinda. Mtu haponi upweke kwa kuhesabu watu wanaomzunguka, bali kwa kujulikana nao.

Tazameni maisha ya mwanafunzi wa sekondari wa pande zetu. Ametoka kijijini, pengine mbali huko Kabambare, akaletwa mjini Kasongo kukaa kwa baba mdogo au kwa shangazi ambaye hakumzoea. Baba yake labda yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Nyumbani alisema Kiswahili, pengine na Kikusu, au Kizimba, au Kibangubangu. Darasani aulizwa kwa Kifaransa. Akikosea neno moja, darasa zima lacheka. Siku ya pili hainui mkono. Siku ya tatu hata jibu analolijua halitoki. Na mbele yake, mwisho wa masomo, pana mtihani wa Serikali, ambao ndani yake mna sehemu ya kusema Kifaransa kwa mdomo mbele ya mwulizaji. Wako wanaoacha shule kabla ya kuufikia. Watu husema: "Masomo yamemshinda." Masomo hayakumshinda. Hofu ndiyo iliyomshinda, na hakuna aliyeiona.

Sisi tunaofundisha dini twawaona watoto wa namna hii. Darasa likijibu kwa sauti moja, naye hujibu. Akiitwa kwa jina lake peke yake, jibu lapotea kama sarafu mtoni.

Hukumu tatu zisizo za haki

Mbele ya mtoto huyu watu hutoa hukumu tatu.

Hukumu ya kwanza ni ile ya darasa la Komi: "Ana majivuno." Kwa kuwa hasalimu kwanza, wadhani anawadharau. Kumbe yeye amekwisha kuipanga salamu moyoni mara kumi, na kila mara ameona kwamba atakosea. Wajapani wana jina la hofu ya namna hii, taijin kyofusho, na daktari Masatake Morita aliandika habari zake karibu miaka mia iliyopita. Mara nyingi mwenye hofu hiyo hachelei tu kuaibishwa. Achelea kwamba yeye mwenyewe atawaudhi wengine kwa uso wake, macho yake au maneno yake. Tafakarini basi: yule mnayemwita mwenye dharau, labda ndiye anayewaheshimu kupita kiasi.

Hukumu ya pili ni ile tuliyoanza nayo: "Ana adabu." Hii yaonekana kuwa hukumu njema, lakini yaweza kudhuru kuliko ya kwanza, kwa sababu mwenye kusifiwa hatafutiwi dawa. Mzazi afurahi ya kuwa binti yake hatoki, hasemi, haombi kitu. Hajui ya kuwa binti hana mtu wa kumwambia hata siku akipatwa na ubaya mkubwa. Asiyeweza kusema salamu, atawezaje kusema ya kuwa mtu amemwonea?

Hukumu ya tatu ni mbaya kuliko zote: "Kimya hiki si bure, mtoto huyu ana kitu." Nanyi mwajua neno hilo linakopeleka. Katika miji na vijiji vya nchi yetu watoto wameshtakiwa uchawi, wakapigwa, wakafukuzwa nyumbani, kwa sababu tu tabia yao ilikuwa tofauti na ya wenzao. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na yaweka adhabu. Lakini hata bila sheria, haki yenyewe yakataza. Mtu hawi na hatia kwa sababu sauti yake haitoki.

Ukweli ni nini? Madaktari hupambanua soni ya kawaida na ugonjwa wa kuogopa watu. Soni ni ya wengi, nayo hupungua mtu akizoea. Ugonjwa huo hudumu miezi na miezi, mara nyingi huanza utotoni au mwanzo wa ujana, nao humzuia mtu kufanya kazi zake: moyo waenda mbio, mikono yatetemeka, koo lakauka, na mwisho mtu ajitenga na kila mahali patakapomlazimu kuonekana. Dawa yake kubwa ni kusaidiwa na mtu anayejua kusikiliza, na kuizoea hofu hatua kwa hatua, kuanzia jambo dogo kwenda kubwa.

Ni nani wa kuanza?

Sasa twafika penye swali gumu. Msomaji mmoja atasema: "Je, kijana mwenyewe hana wajibu? Sisi sote tuliogopa, tukajitia nguvu. Ushujaa hauletwi na jirani." Neno hili lina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kulitupa. Mwanadamu hawezi kubebwa siku zote. Kijana asiyejaribu kamwe hata hatua moja ajidhulumu mwenyewe.

Lakini twajibu hivi. Mtoto wa Lualaba hafundishwi kuogelea kwa kutupwa katikati ya mto. Mkubwa huingia naye majini, maji yakiwafikia magotini, kisha kiunoni, mkono wake ukiwa karibu. Siku atakapoogelea, ataogelea kwa mikono yake mwenyewe. Ushujaa utakuwa wake. Lakini aliyeingia majini kwanza ni yule asiyeogopa. Basi na hapa ni vivyo hivyo. Wajibu wa kuanza ni wa yule mwenye nguvu ya kuanza. Mwenye hofu ana wajibu wa kupokea mkono anaponyoshewa. Hana wajibu wa kuvuka kwanza mto ambao ndio unaomtisha.

Hata Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito na kwamba yeye si msemaji. Kitabu cha Kutoka chatuambia ya kuwa Mungu alikasirika kwa kukataa kwake, lakini hakumtupa, wala hakumgeuza papo hapo kuwa mtu wa maneno mengi. Alimpa Haruni ndugu yake aende pamoja naye. Dawa ya kwanza ya ulimi mzito ilikuwa mwenzi wa njia.

Hapa yatupasa kuziuliza katuni zenyewe swali moja, kwa maana si kila jambo lake lafaa. Komi amechorwa mrembo. Kila mtu darasani atamani kuwa karibu naye. Je, angekuwa msichana mwenye nguo moja iliyochakaa, mwenye kigugumizi, asiyependeza kwa macho, watu wangapi wangechukua chaki? Kwetu shuleni anayenyamaza mara nyingi ndiye huyo. Wema unaongoja mpaka mtu apendeze ni biashara tu. Kijana anayelia machozi mbele ya simu kwa ajili ya msichana wa kuchorwa, kisha akampita mwenzake aliyekaa peke yake chini ya mwembe wa shule, hajafundishwa kitu na katuni ile.

Tena yule anayecheka ajihadhari kwa ajili yake mwenyewe. Filamu ya Kijapani "Koe no Katachi", iliyoongozwa na Naoko Yamada na kuonyeshwa mwaka 2016, yasimulia habari ya mvulana aliyemtesa na kumdhihaki msichana kiziwi katika shule ya msingi. Baadaye wenzake wakamgeuka yeye. Alipofika sekondari hakuweza kumtazama mtu yeyote usoni. Katika picha kila uso umepigwa alama ya msalaba wa kufuta, kama jibu lisilo sahihi daftarini. Aliyemtenga mwenzake alijikuta ametengwa. Nyuso zile zafunguka tena baada ya kurudi kwa yule aliyemkosea, kujifunza lugha yake ya ishara, na kutengeneza yaliyoharibika.

Kabati lisiwe nyumba

Kwa ninyi wenyewe, vijana mnaoogopa, tuna neno moja. Kabati la yule mpiga gitaa si ubaya. Mtu aweza kukimbilia mahali pa siri akapumzika, akajifunza kazi, akapata nguvu. Simu nayo yaweza kuwa kabati la namna hiyo: hakuna anayecheka, hakuna anayekutazama. Lakini kabati lina mlango, na mlango usiofunguliwa hugeuka ukuta. Sifa za watu mia usiowajua hazitakuletea maji siku ukiugua.

Japani yenyewe imejifunza hayo kwa uchungu. Huko wako watu waitwao hikikomori, waliojifungia nyumbani miezi na miaka. Uchunguzi wa Serikali uliotangazwa mwaka 2023 ulikadiria ya kuwa ni karibu 1,460,000, kati ya miaka 15 na 64. Katika mwaka wa masomo wa 2023 watoto zaidi ya 340,000 wa shule za msingi na za kati hawakuhudhuria shule kwa siku nyingi. Ndiyo maana Japani iliweka waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2021, kama Uingereza ilivyofanya mwaka 2018. Nchi yenye shule nzuri na magari ya moshi yaendayo kasi imeona ya kuwa mtu asiye na mwenzi ni shida ya taifa zima. Nasi tusingoje mpaka tuhesabu kama wao.

Yafaa tufanye nini?

Wazazi, msimwite mtoto "bubu" mbele ya wageni, hata kwa mzaha. Msimwulize mambo ya moyoni mkiwa mmemkalisha mbele yenu kama kwenye baraza. Mwulizeni njiani kwenda shambani, au mkimenya muhogo pamoja, macho yenu yakiwa kwenye kazi. Maneno yasiyotoka uso kwa uso hutoka bega kwa bega.

Walimu, kicheko darasani kina mwenyewe, na mwenyewe ni ninyi: mkikikataza hukoma. Mtoto asiyeweza kujibu mbele ya wote aandike kwanza jibu lake. Kisha alisome mbele ya mwalimu peke yake, kisha mbele ya wenzake wawili, mpaka afike mbele ya darasa. Aliyefunzwa hivyo tangu mwanzo wa sekondari ataufikia mtihani wa kusema kwa mdomo akiwa na njia iliyokwisha kupitwa.

Wanafunzi, kaeni karibu na anayekaa peke yake. Msimwulize, "Mbona husemi?" Swali hilo humfunga zaidi. Mwombeni mchote maji pamoja, mfagie darasa pamoja, mwazimane daftari. Mleteni kwenye kwaya, kwa maana katika kwaya sauti moja hujificha ndani ya sauti nyingi mpaka ipate nguvu. Hilo ndilo sanduku letu la maembe. Wala msidai awe msemaji. Mwingine atakuwa mtu wa maneno machache maisha yake yote, naye atakuwa mtu kamili. Hatutafuti kuondoa kimya. Twatafuta kuondoa hofu.

Na hofu ikizidi, mtoto akaacha kula, akakosa usingizi, akakataa kabisa kutoka, au akasema ya kuwa afadhali asingekuwapo, apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, wala asiachwe peke yake. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humfichua.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hauvunji upweke wake. Vahitajiwa vidole viwili, nacho cha pili chaweza kuwa chako. Basi, wasomaji wapenzi, kila mmoja ajiulize juma hili: katika darasa langu, katika nyumba yangu, katika jumuiya yangu, ni nani ambaye sijapata kusikia sauti yake? Akimpata, asimwamuru kusema. Aketi karibu naye.